Kengele ya bweni inaponyamaza

Shule niliyosoma sekondari ilikuwa ya bweni, na kengele yake ilikuwa ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini. Iligongwa saa kumi na moja alfajiri, tukaamka. Ikagongwa tena, tukashika mafagio. Ikatupeleka mstarini, darasani, bwaloni, prepu, na saa nne usiku ikatulaza. Kati ya mlio mmoja na mwingine alisimama kiranja, na nyuma ya kiranja mwalimu wa zamu. Tuliichukia ringi ile. Miaka mingi ilipita ndipo nikaelewa kwamba kwa baadhi yetu ilikuwa ikifanya kazi ambayo vichwa vyetu havikuiweza vyenyewe.

Jamaa aliyelala kitanda cha juu yangu alikuwa mmoja wao. Fizikia ilikuwa mdomoni mwake: ukikwama, anakuchorea kwa kidole mezani mpaka unaelewa. Lakini mpe ukurasa mmoja wa kitabu asome. Nusu saa baadaye unamkuta mstari wa sita. Kalamu aliazima kila wiki, na zoezi alilofanya jana usiku hakumbuki kaliweka wapi. Ringi na kiranja vilimvusha. Akafaulu kidato cha sita, akaenda chuo kikuu.

Huko ringi haikuwapo. Kipindi kimoja kilianza saa mbili asubuhi, kingine saa kumi jioni, na katikati kulikuwa na mchana mzima usio na mwenyewe. Kazi iliyotolewa wiki ya pili ilitakiwa wiki ya kumi, na hakuna aliyemkumbusha. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza sapu, yaani mitihani ya marudio, zilimzidi na, kwa lugha ya wanafunzi, akadisko: akaondolewa chuoni. Nyumbani wakasema bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi, limemlevya.

Bumu halikumlevya. Akili alikuwa nayo, na bidii pia. Usiku wa kuamkia mitihani alikuwa halali. Alichokosa ni kitu ambacho sisi sote, wazazi, walimu na wenzake, hatukuwahi kumfundisha: kujijua alivyo, kumwambia mhusika anachohitaji, na kuiendesha siku yake bila kusukumwa. Wataalamu wa elimu maalumu wana jina la mkusanyiko huo wa stadi. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita stadi za kujiamulia. Nao wamekuwa wakionyesha, kwa zaidi ya miaka 30 sasa, kwamba stadi hizo hufundishika kama hesabu au kuogelea.

Ulemavu usioonekana getini

Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu akifika getini, hata mlinzi anajua kwamba ngazi zitamtatiza. Asiyeona ana fimbo yake nyeupe. Huyu wetu anapita na begi mgongoni kama wengine wote, na shida yake haina alama.

Neno linalotumika leo katika nchi nyingi, ulemavu wa kujifunza, lilipata nguvu mwaka 1963, pale mtaalamu wa elimu maalumu wa Marekani, Samuel Kirk, alipolitumia mbele ya wazazi waliokutana Chicago. Wazazi hao walikuwa wakitafuta jina la kinachowasibu watoto wao: watoto wenye akili timamu, macho mazima, masikio mazima, walimu wapo, na bado kusoma, kuandika au kuhesabu hakuingii. Disleksia, inayogusa kusoma na tahajia, ndiyo inayojulikana zaidi. Diskalkulia hugusa hesabu, na disgrafia hugusa uandishi.

Jirani wa karibu wa ulemavu wa kujifunza ni hali ambayo madaktari huiita ADHD: umakini usiotulia, papara na, kwa baadhi, mwili usiokaa kitako. Hukadiriwa kuwa takriban asilimia 5 ya watoto duniani wanayo, na wengi wao huendelea nayo ukubwani. Si wachache pia wenye hali zote mbili kwa pamoja. Mwongozo wa uchunguzi wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, uliotoka mwaka 2013, unataka baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla mtu hajafikisha miaka 12. Maana yake ni kwamba kijana hawezi kuambukizwa ADHD hosteli. Alitoka nayo nyumbani; kilichobadilika ni mazingira yaliyokuwa yakimshikilia.

Mwanasaikolojia Russell Barkley, aliyeitafiti hali hii kwa miongo kadhaa, husisitiza kwamba tatizo la wenye ADHD si kutojua la kufanya. Wanalijua. Kinachowashinda ni kulifanya kwa wakati wake. Walioizoea hali hiyo husema mwenye nayo ana saa mbili tu maishani: sasa, na si sasa. Mtihani wa wiki tatu zijazo uko upande wa “si sasa”, na hukaa huko mpaka usiku wa mwisho, pale unapogeuka ghafla kuwa “sasa” na moto ukawaka. Ndiyo maana nasaha yetu ya kila siku, “soma kwa bidii mwanangu”, haimfikishi popote. Ni kama kumwambia mtu mwenye miwani iliyovunjika akodoe macho zaidi.

Kiswahili kiliwaficha

Kuna sababu ya kwetu hasa inayofanya vijana hawa wafike chuoni bila kutambuliwa, nayo ni lugha.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Ukishazijua ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, umepata ufunguo wa milango karibu yote. Mtoto mwenye disleksia atajikongoja, atachelewa, lakini mwishowe atafika. Mwaka 2001 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Eraldo Paulesu na wenzake uliowalinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Picha za ubongo zilionyesha udhaifu uleule kwa makundi yote matatu. Hata hivyo, Waitalia walisoma vizuri kuliko wenzao, kwa sababu tahajia ya Kiitaliano imenyooka kama ya Kiswahili: herufi na sauti hazigombani.

Sasa mtazame mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania. Kwa miaka yote ya msingi anasoma kwa Kiswahili, polepole, na mwalimu mwenye darasa la watoto 80 anamwandikia kwenye ripoti “aongeze bidii”. Kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, lugha ambayo herufi zilezile nne za mwisho wa though zinasomeka vingine katika tough. Alichojengewa kwa miaka saba kinabomoka, na kila mtu anadhani tatizo ni Kiingereza. Mwenyewe naye anaamini hivyo. Anagundua mbinu zake: kukariri desa, yaani maandishi ya somo, za wenzake, kukaa karibu na anayesoma kwa sauti, kusikiliza kwa makini kuliko wote. Mbinu hizo humfikisha chuoni. Chuoni anapewa kurasa 120 za kusoma kabla ya Jumatatu.

Walioachiwa mkono siku ya mahafali

Marekani pengo hili kati ya shule na chuo limepimwa kwa karibu, na kisa chake kina funzo kwetu.

Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyozilazimisha shule za umma kuwatafuta watoto wenye ulemavu, kuwapima na kumwandalia kila mmoja mpango wake wa elimu. Mzigo wote ulikuwa wa shule. Mwalimu anaitisha kikao, mzazi anahudhuria, mtaalamu anaandika, na mtoto pengine hayumo hata chumbani. Sheria hiyo inamfuata mwanafunzi hadi anapomaliza sekondari. Siku ya mahafali inamwachia mkono.

Chuoni zinamsubiri sheria nyingine: ya mwaka 1973 inayokataza ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, na ile ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990. Hizi zinampa haki, ila hazimtafuti. Ni yeye anayepaswa kwenda ofisi husika, kujitambulisha, kupeleka cheti cha uchunguzi na kuomba anachotaka. Zaidi ya hapo, sheria ya faragha ya elimu humhamishia mwanafunzi wa chuo haki zote zilizokuwa za mzazi. Mama aliyekuwa akipiga simu shuleni kila wiki sasa anaweza kujibiwa kwamba matokeo ya mwanawe si yake kuyaona bila ruhusa.

Kilichofuata kinashtua. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa uliowafuatilia vijana waliokuwa na mipango maalumu sekondari ulikuta kwamba, kati ya waliofika vyuoni, asilimia 28 tu ndio waliokijulisha chuo kuhusu ulemavu wao. Asilimia 9 walijijua lakini wakaamua kunyamaza. Waliobaki, asilimia 63, walisema hawajioni kuwa na ulemavu wowote.

Tuitafakari hiyo 63. Vijana wale walipimwa, wakaandikwa kwenye mafaili, wakaongezewa muda wa mitihani kwa miaka. Nchi ilitumia fedha na wataalamu. Lakini aliyekuwa akielezwa habari zao ni mwalimu na mzazi. Wao wenyewe, wengi wao, huenda hawakuwahi kukalishwa chini wakaambiwa: wewe uko hivi, unajifunza vizuri hivi, na ukikwama sema hivi. Waliendeshwa mpaka mlangoni, kisha wakaambiwa waendeshe.

Ikiwa hayo yametokea kwa waliopimwa, fikiria wetu ambao hawajawahi kupimwa.

Kujitegemea si kujitenga

Wazo la kujiamulia halikuanzia darasani. Mwaka 1962 kijana aliyepooza kwa polio, Ed Roberts, aliingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akalazwa usiku katika hospitali ya chuo kwa kuwa hapakuwa na bweni linaloweza kubeba mashine yake ya kupumulia. Yeye na wenzake wakaanzisha vuguvugu lililosema kwamba mtu anayehitaji kusaidiwa kuvaa shati bado ndiye anayepaswa kuamua avae shati gani. Msweden Bengt Nirje aliandika miaka kumi baadaye kuhusu haki hiyohiyo kwa watu wenye ulemavu wa akili. Katika miaka ya 1990 Michael Wehmeyer, na vilevile Sharon Field na Alan Hoffman wa Chuo Kikuu cha Wayne State mjini Detroit, wakaligeuza wazo kuwa somo linalofundishwa. Field na Hoffman walilipanga kwa hatua tano: jijue, jithamini, panga, tenda, kisha tazama matokeo na ujifunze.

Msomaji wa Tanzania atatabasamu, maana wimbo huu aliusikia nyumbani. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wetu tunalikumbuka kwa mashamba ya shule na majembe. Ndani yake, hata hivyo, alitaka elimu imjengee kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha akachukua au akakataa, na imani ya kwamba yeye ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Hayo matatu ndiyo msingi wa stadi tunazozizungumzia.

Tatizo ni kwamba neno kujitegemea tumelipindisha njiani. Siku hizi anayejitegemea ni yule asiyemsumbua mtu. Kijana akiomba msaada huambiwa “wewe sasa ni mtu mzima”. Lakini mtu mzima ndiye ajuaye ni lini aombe, amwombe nani, na aombe nini. Mkulima hodari haoni haya kuita msaragambo. Anayemaliza palizi kwa sababu aliwaita majirani mapema amejiamulia kuliko yule aliyeng'ang'ana peke yake mpaka magugu yakamshinda.

Waliofanikiwa walifanya nini

Mwaka 1992 Paul Gerber na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na watu wazima 71 wenye ulemavu wa kujifunza ambao walikuwa wamefanikiwa kazini. Walitaka kujua nini kiliwavusha. Jibu lilizunguka kitu kimoja: kushika usukani wa maisha yao. Watu wale walikuwa wameitazama upya hali yao. Waliacha kuiona kama hukumu, wakaikubali kama sehemu ya walivyo, wakabaki na swali la kiufundi: sasa nifanyeje? Walichagua kazi zinazolingana na vipaji vyao, walibuni njia zao za kujifunza, na walijizungushia watu wa kuwasaidia.

Huko Pasadena, California, Kituo cha Frostig kiliwafuatilia kwa miaka 20 watu 41 waliokuwa wanafunzi wake. Sifa zilizotabiri nani atafika mbali zilikuwa kujijua, kuchukua hatua, kutokata tamaa, kuwa na malengo, kuwa na watu wa kukutegemeza na utulivu wa moyo. Sifa hizo zilitabiri vizuri kuliko alama za darasani, na hata kuliko vipimo vya akili.

Maggie Aderin-Pocock, mwanasayansi wa anga wa Uingereza ambaye wazazi wake walitoka Nigeria, ana disleksia. Alipita shule 13 utotoni, na baadhi ya walimu hawakumtarajia kufika popote. Alifika Imperial College London akatoka na shahada ya uzamivu, kisha akashiriki kutengeneza vifaa vya darubini kubwa. Wahenga walishasema: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kazi ni kujua zako zinasukwa vipi.

Stadi zenyewe

Ya kwanza ni kujijua kwa undani, na hapa jina la hali halitoshi. “Nina disleksia” ni mwanzo tu wa maelezo. Mwanafunzi anatakiwa ajue: nasoma kurasa ngapi kwa saa? Nikisikiliza nakumbuka kuliko nikisoma? Umakini wangu ni mzuri asubuhi au usiku? Kelele zinaniua au kimya ndicho kinachonilaza? Njia rahisi ni kuweka daftari dogo kwa wiki mbili na kuandika kila siku alichosoma, saa ngapi, wapi na kilichobaki kichwani. Baada ya siku 14 daftari hilo linamfahamu kuliko mjomba wake yeyote. Mwenye uwezo aende pia akapimwe na mtaalamu. Hospitali kubwa zenye idara ya afya ya akili, kama Muhimbili, ndiko pa kuanzia. Masuala ya dawa za ADHD yabaki mikononi mwa daktari, si mwa rafiki wa hosteli.

Ya pili ni kusema. Mficha uchi hazai, lakini kusema nako kuna namna. Tofautisha wanafunzi wawili waliobisha hodi ofisini kwa mhadhiri mmoja. Wa kwanza anafika siku mbili baada ya matokeo: “Shikamoo Dokta. Samahani, nina matatizo, naomba unisaidie.” Dokta ataitika marahaba, lakini hajui asaidie nini, na ameshasikia sentensi hiyo mara 20 wiki hii.

Wa pili anafika wiki ya pili ya muhula: “Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza. Nasoma polepole sana kwa sababu ya hali inayoitwa disleksia. Somo nalielewa, ila karatasi ya maswali inanichukulia muda. Muhula uliopita, kwenye jaribio, nilijibu maswali matatu kati ya matano, na yote matatu nilipata. Naomba mambo mawili: nirekodi vipindi vyako kwa simu, na unielekeze utaratibu wa kuongezewa muda kwenye mtihani. Kwa Mshauri wa Wanafunzi nimeshafika.” Huyu amesema ni nani, ana nini, ushahidi ni upi, anataka nini na ameshafanya nini. Hakulia, hakujishusha, hakumkosea mtu adabu. Maneno kama hayo huandikwa kwanza, yakasemwa mbele ya rafiki mara tatu, ndipo mtu akabisha hodi.

Ya tatu ni kuitoa saa kichwani na kuiweka mahali inapoonekana. Mwenye ADHD asiiamini kumbukumbu yake; aiamini karatasi ya ukutani. Ratiba ya muhula mzima iandikwe kwenye karatasi moja kubwa juu ya kitanda, tarehe za kazi zote kwa kalamu nyekundu. Simu iliyokuwa ikimla muda igeuzwe ringi: ilie nusu saa kabla ya kipindi, ilie muda wa kuanza kusoma, ilie muda wa kulala. Kazi ya wiki nane ikatwe vipande vya siku mbili mbili, na kila kipande kiwe na kitendo kinachoshikika: “tafuta vitabu vitatu maktaba”, si “anza utafiti”. Wengi hufaidika pia kwa kusoma wakiwa wameketi na mwenzao, hata kama kila mmoja ana somo lake. Macho ya mtu mwingine hufanya kazi ya kiranja bila fimbo.

Ya nne ni kuchagua njia inayokufaa bila kuona haya. Simu nyingi leo zinaweza kusoma maandishi kwa sauti. Anayechoka kwa macho atumie masikio. Anayeweza kueleza kwa mdomo ajieleze kwanza, ajirekodi, kisha aandike akijisikiliza. Na kozi yenyewe ichaguliwe kwa kipaji, si kwa sifa ya jina lake mtaani.

Ya tano ndiyo tunayoisahau: kuanguka na kuhesabu hasara kwa utulivu. Sapu moja ni taarifa. Inaeleza ni mbinu ipi haikufanya kazi. Mwanafunzi anayejiambia “mimi ni mjinga” hana cha kurekebisha, maana ujinga hauna bisibisi. Anayejiambia “nilianza kusoma siku nne kabla, na kwangu mimi siku nne hazitoshi” ameshapata pa kushika.

Haya yote yanahitaji mtu wa kufuatana naye mwanzoni. Watafiti wa Wayne State waliwachunguza wanafunzi wenye ADHD katika vyuo kadhaa vya Marekani waliopewa mshauri wa kuzungumza nao kwa simu mara kwa mara. Mshauri hakuwafundisha somo wala kuwaamulia. Kazi yake ilikuwa kuuliza: wiki hii unataka kumaliza nini, utaanza lini, na nitajuaje kwamba umemaliza? Wanafunzi hao walipiga hatua katika kujiongoza na kupanga masomo yao kuliko wenzao wasiopata ushauri huo. Maswali matatu na simu: hicho si kifaa cha kuagiza ng'ambo.

Chuo nacho kina deni

Itakuwa dhuluma kumfundisha kijana kuomba kisha kila mlango anaobisha uwe umefungwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unataja uhuru wa mtu kujifanyia maamuzi katika kanuni zake za kwanza, na unazitaka nchi zihakikishe elimu ya juu inafikika kwa kufanya marekebisho stahiki. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka uliofuata Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi tunazo.

Kilichobaki ni desturi. Vyuo vyetu vimeanza kuwazoea wasioona na viziwi. Disleksia na ADHD bado husikika kama visingizio vya watoto wa mjini. Hatua za mwanzo hazihitaji bajeti kubwa. Mhadhiri anaweza kutoa tarehe zote za majaribio wiki ya kwanza na asizibadilishe kwa tangazo la usiku. Anaweza kutoa vitini mapema, kuruhusu kurekodi, na kusema kwa sauti siku ya kwanza: “Kama kuna mtu ana namna yake ya kujifunza inayohitaji tuzungumze, mlango wangu uko wazi Jumatano saa nane.” Sentensi hiyo moja humpunguzia kijana nusu ya woga. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, inayojaa mada za mikopo na vitambulisho, inaweza kupata saa mbili za kuwafundisha jinsi ya kuomba msaada. Itawafaa hata wasio na ulemavu wowote.

Vermont, Marekani, kipo chuo kizima, Landmark, kilichoanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya vijana wenye disleksia na baadaye kikawapokea wenye ADHD. Kwetu, huko Kitengela nchini Kenya, ipo Rare Gem, shule inayowalea watoto wenye disleksia. Hatuhitaji kujenga chuo kipya ili tuanze. Tunahitaji wahadhiri wachache katika kila chuo wanaojua wanamtazama nani.

Kwa mzazi aliye stendi

Lakini chuo hukuta kilichokwisha kupandwa. Mtoto aliyechaguliwa shati, tahasusi, kozi na hata marafiki kwa miaka 19, aliyeambiwa mkubwa haulizwi na kuuliza ni utovu wa adabu, hawezi kuamka Oktoba moja akawa hodari wa kujisemea. Adabu yetu ni nzuri. Tuifundishe ikiwa na mdomo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kupewa shilingi elfu tano akapange mwenyewe matumizi ya wiki, akakosea, akajirekebisha. Wa miaka 14 anaweza kuingia kwenye kikao cha mzazi na mwalimu akajieleza, badala ya kusubiri nje kwenye benchi akihukumiwa bila kusikilizwa. Na yule ambaye umeona tangu darasa la tatu kwamba kusoma kwake si kama kwa wenzake, mwambie ukweli wake kwa upole kabla dunia haijamwambia kwa matusi.

Mwenzangu wa kitanda cha juu leo ni fundi umeme mwenye vijana wanne chini yake. Ratiba ya kazi ameichora ukutani kwa rangi, na ankara anaandikiwa na mkewe huku yeye akizisema kwa mdomo. Hayo aliyagundua mwenyewe, bila mwalimu, miaka kumi baada ya kurudishwa nyumbani. Miaka hiyo kumi ndiyo hasara ninayoidai.

Basi, mzazi utakayemsindikiza mwanao stendi muhula ukifunguliwa, ukishamkabidhi godoro na ndoo, muulize mambo matatu. Wewe hujifunza vizuri vipi? Ukikwama utamwendea nani, na utamwambia nini? Ni nani atakayekuamsha? Kisha nyamaza, umwache ajibu mwenyewe. Asipokuwa na jibu, bado kuna muda wa kulitafuta pamoja kabla basi halijaondoka.